Shikamoo kwa Mwalimu wa Kijerumani

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na kwa kuwa hasira hizi nimezirithi kwako, itabidi univumilie. Kesho asubuhi nasimama mahakamani mjini Ifakara kusema ni nani aliyekukata. Masanja, mwanao wa kwanza, amekaa nje ananoa mkuki wako kwa tupa. Anapiga tupa taratibu, anapumzika, anapiga tena. Nimefunga mlango ili niongee na wewe kwanza kabla sijaongea na hakimu.

Unakumbuka ulivyoileta ile kompyuta? Ulirudi Michenga kutoka mnadani umeikumbatia kifuani kama ndama aliyezaliwa mvuani, na lile dume jekundu ulilolipenda umeshaliuza. Nilikuwa nimemaliza uuguzi, najitolea hospitalini bila ajira, tukasikia kwamba Ujerumani wanatafuta wauguzi ila lazima ujue lugha yao. Ukasema kama shida ni lugha tu, basi hakuna shida, hata mbuzi hujifunza kuitika jina lake. Deo, mtoto wa jirani yetu Baba Deo, alikuwa anafanya kazi kwenye steshenari mjini. Ndiye aliyetuwekea programu ya Kijerumani kwa flashi, akanionyesha pa kubonyeza, akakataa hata soda. Hilo naliandika makusudi, Baba, kwa sababu ni kweli na linaniuma.

Programu yenyewe unaijua. Picha inatokea, mama wa Kijerumani anasema neno, wewe unalirudia kwenye kipaza sauti. Ukipatia, kioo kinakuwa cha kijani. Ukikosea, kinakuwa chekundu na kengele inalia kwa dharau. Siku ya kwanza niliketi tu nikaanza, ukanichapa fimbo ya bega.

"Huyo ni mwalimu," ulisema, "na sauti yake ni ya mtu mzima. Piga goti umsalimie."

Nikapiga goti mbele ya kompyuta, mimi muuguzi mwenye cheti, nikasema shikamoo mwalimu. Mama wa watu akabaki kimya. Ukamwitikia wewe, kwa sauti nyembamba ya kike, "Marahaba, ng'wanone," ukiniita mwanao kwa Kisukuma chetu, halafu ukanitazama kwa ukali nisicheke. Tangu siku ile hakuna somo lililoanza bila goti langu na marahaba yako.

Na wewe ulitaka kujifunza, ili siku nikipiga simu toka huko usikae kama bubu mbele ya tajiri wangu. Lakini hukuwa mwanafunzi mpole. Kila neno lako lilitoka jekundu. Ulimtukana mwalimu, ukampiga kofi mpaka kifuniko kikalegea, na asubuhi yake ukaja tena kumwitikia salamu. Baba Deo alikuwa anatusikia kutoka kwenye majaruba yake ya mpunga, pale shamba lake linapopakana na letu. Yeye asili yake Mahenge, akatuambia babu yake alichapwa na Wajerumani viboko hamsa ishirini, na sasa anamwona Msukuma anauza dume ili achapwe tena nao. Mkacheka wote wawili mpaka mkashikana mabega, na jioni ukampelekea maziwa. Kicheko kile nakikumbuka, na kila nikikikumbuka natamani kuvunja kitu.

Siku yenyewe mpunga wa Baba Deo ulikuwa umeinamisha masuke. Masanja alikuwa amekwenda Mchombe, kwa hiyo ng'ombe ulichunga mwenyewe, ukaniambia nije na kompyuta kwenye kichuguu ili somo lisikatike. Tulikuwa kwenye wanyama. Ikaja picha ya ng'ombe, mwalimu akasema *die Kuh*. Ukakohoa, ukavuta pumzi, ukasema "Kuh," na kioo kikawa cha kijani.

Sijawahi kukuona vile. Ulirusha fimbo juu, ukacheza kama kijana kwenye ngoma za mavuno, vumbi la kichuguu likakujaa miguuni. Ukasema hata Ujerumani wanajua kwamba ng'ombe ni mkuu. Ukanilazimisha nirudishe picha ile ile, ukasema tena, kijani, ukasema tena, kijani. Nilicheka mpaka machozi. Na ng'ombe wenyewe, wale wa damu na nyama, wakati huo walikuwa ndani ya mpunga wa watu.

Baba Deo alikuja na panga. Alilikata jike letu jeupe mshipa wa mguu wa nyuma. Jike likakaa chini kama mbwa, likajaribu kuinuka, likakaa tena, likilia kwa sauti ambayo sikujua kama ng'ombe anayo. Ulimfikia kabla hajakata wa pili. Ulimpiga fimbo ya kichwa, ukampiga tena akiwa ameshaanguka, damu ikamziba macho. Halafu ukapiga mwano.

Baba, ulipiga mwano. Ulinifundisha mwenyewe kwamba ukelele ule haupigwi kwa mchezo, kwamba kila mwanamume wa kwetu anayeusikia lazima aje na silaha, na asiyekuja anatengwa, hapewi hata moto. Wakaja. Walitoka ng'ambo ya mto na fimbo na mikuki, na wakulima wakashuka kwenye madungu yao ya kulindia mpunga na mapanga na mashoka. Niliona meno ya mtu kwenye tope. Niliona mwanamume ameshika sikio lake mkononi analitazama kama kitu alichookota. Mpunga ule uliharibiwa na miguu ya watu kuliko ya ng'ombe.

Halafu wewe ndiye uliyetaka kuuzima. Nilikuona. Ulinyanyua mikono mitupu, ukawageukia wale uliowaita mwenyewe, ukawaambia basi, inatosha, rudini. Mwano haurudishwi, hakuna aliyekusikia. Deo alikuja mbio kutoka njia ya mjini akiwa na shati lake jeupe la kazini, akamkuta baba yake amelala kifudifudi kwenye damu, akadhani ameshakufa. Aliokota panga la baba yake. Ulikuwa umempa mgongo, akakukata shingoni. Nilikuwa karibu kiasi kwamba niliusikia mfupa.

Alinitazama akasema, "Kabula." Jina langu tu. Akalitupa panga kwenye maji akakimbia.

Nilikuziba kwa kanga na mikono miwili kama nilivyofundishwa, usilegeze, usichungulie. Walitupakia kwenye bodaboda, wewe katikati, mimi nyuma nimekubana. Njia nzima nilikuwa nakuongelesha. Nilikuambia ng'ombe wamepatikana, ingawa nilikuwa nadanganya. Ulikata roho kabla hatujaifikia lami. Dereva alijua kwa sababu niliacha kuongea, akapunguza mwendo bila kuuliza.

Msibani walisema kompyuta ndiyo iliyokuua. Walisema binti anayetaka Ulaya ndiye aliyemlewesha baba yake mpaka akasahau ng'ombe. Sikubali, na anayesema hivyo aje aseme mbele yangu. Panga ndilo lililokuua. Na mwano wako, Baba, nao uko ndani ya jambo hili, na fimbo ile ya pili uliyompiga mtu aliyekwisha kuanguka. Nakupenda na nakulaumu, na kimoja hakipunguzi kingine.

Polisi walizoa wengi, wa kwetu na wa kwao, na Deo yumo ndani pamoja nao. Lakini aliyeuona mkono uliokukata ni mimi peke yangu. Mpelelezi nilimtajia jina faraghani. Masanja sikumtajia. Nikilisema kesho hadharani, anaweza kutoka mahakamani moja kwa moja hadi kwa Baba Deo, ambaye sasa haoni jicho moja na hawezi hata kukimbia, akamaliza nyumba nzima, na wao waje wamalize yetu. Nisipolisema, damu yako imemwagika kama maji ya kuoshea vyombo.

Masanja alilitaka jina hilo kwa fimbo, Baba, na fimbo yenyewe ni yako. Alinipiga mgongo na mikono. Nikamng'ata kidole gumba mpaka meno yakagusa mfupa.

"Jina," alisema.

"Nitalisema kwa hakimu."

Akasema ulizaa mwoga. Nikamtemea usoni damu yake mwenyewe. Ndivyo tulivyokuomboleza sisi wanao, usidhani tulikaa mkekani tukiimba.

Leo mchana aliingia ndani, akaichukua kompyuta, akaipigiza sakafuni. Kioo kikapasuka, kikawa cheusi. Akanyanyua mkuki aimalizie. Ndipo mwalimu akaongea. Tangu siku ile nilikuwa naichaji tu bila kulifunga somo, lilikuwa limesimama pale pale ulipoliachia.

"*Die Kuh*," alisema, akanyamaza kusubiri jibu.

Masanja aligandisha mkuki juu. Mwalimu akarudia, na sauti yake ilikuwa ile ile, haina hata mkwaruzo.

"Ndilo hilo neno?" aliniuliza.

Nikamwambia ndilo. Alijaribu kulisema, halikutoka. Alikwenda akagonga kichwa kwenye nguzo ya nyumba, akagonga tena, mpaka nikamshika kiuno nikaanguka naye. Hatukupatana. Alipoinuka alichukua tupa, akatoka nje, akaanza kunoa, na mimi nikaanza barua hii.

Niliposema nimefunga mlango, nilikuwa nimeufunga kwa sababu namwogopa ndugu yangu. Sasa jua linazama, na muda si mrefu uliopita tupa ilinyamaza. Alikuja akagonga. Nilichukua sururu kabla sijafungua. Alikuwa amesimama na mkuki wako umemeremeta mpaka kwenye shingo ya chuma, akanigeuzia upande wa mpini.

"Kesho uupeleke kwa hakimu," alisema. "Ukibaki kwangu, sijiamini."

Kisha akaenda zizini. Kwa hiyo nimeamua, Baba. Nitapiga goti mbele ya mahakama kama ulivyonifundisha, na nitasema Deo, mara moja, kwa sauti ya kumfikia kila mtu. Nitasema pia kwamba ndiye aliyetuwekea programu akakataa soda. Na nitasema kuwa ulipokatwa, mikono yako ilikuwa juu, mitupu. Kinachonitoa machozi ni hilo la mikono kuliko panga.

Kijerumani sikiachi. Kioo kimekufa, siwezi kuona tena kijani wala chekundu, lakini sauti ipo na masikio ninayo. Pumzika hapa Michenga ulipolala. Nitakuja nikitoka mahakamani, nikueleze ilivyokwenda.

Kabla sijaishika kalamu kuandika mistari hii ya mwisho, niliiwasha kompyuta, nikapiga goti, nikasema shikamoo mwalimu. Nilikaa na goti chini mpaka likafa ganzi. Hakuna aliyeitikia.

Binti yako, mwenye hasira zako