Buti za Lutfi

Jumatano, 6 Novemba 2019

Leo sheria imeshuka mpaka miguuni! Bi Nihal, mhandisi mpya wa usalama, katangaza karakanani: kuanzia Jumapili, asiye na buti zenye chuma mbele hagusi msumeno. Atashika ufagio. Miaka ishirini na sita napasua mbao na kandambili zangu za plastiki! Nimejaribu buti zote za stoo. Namba arobaini na sita — ndefu kama mtumbwi, na bado mguu hauingii kwa upana. Hamdi wa msumeno wa pili: "Shukri, vaa masanduku tu!" Nilicheka. Lakini ufagio? Na miaka yangu hamsini na tatu?

Alhamisi, 7 Novemba

Maduka tisa. Muuzaji mmoja kaniangalia mguu, kamwita mwenzake aje aone. Na mji wetu wa Dumyati mzima unashona viatu! Inshirah, mke wangu, anasema nilizaliwa nimekanyaga mikate. Kisigino kimechubuka kwa kujaribu.

Jioni, kwa Wahba, fundi viatu. Kaangua kicheko. Mguu wako ninao, anasema. Kashusha rafuni kalibu, ule mguu wa mti wa kushonea viatu. Nikaweka wangu kando yake. Sawasawa, mpaka kinundu! Wa nani? "Wa mdogo wako."

Lutfi.

Kamshonea buti za chuma, jozi mbili, kabla ya Ramadhani. Zangu? Wiki mbili. "Sina mkono wa tatu, Shukri. Kaazime kwa ndugu yako."

Ijumaa, 8 Novemba

Siendi.

Nimezipasua buti za stoo ubavuni. Inshirah kaninyang'anya kisu: "Baba Marwa, gogo likikuangukia hapo je? Nenda kwa Lutfi!" Nikamuuliza, kasahau Lutfi alivyotuaibisha? Kuja kumzika baba na kandambili! Nilimfukuza mbele ya waombolezaji: kavae viatu kama watu. Akaondoka. Miaka kumi na moja sasa.

Inshirah kaitazama miguu yangu. Kisha kanisogezea kandambili zangu.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimekuja kwa Lutfi. Na kandambili — kidonda hakitaki kingine. Na nusu kilo ya mishabaki, vitamu alivyovipenda utotoni. Maneno niliyapanga njia nzima. Mlango ulipofunguliwa, yote yakayeyuka.

Kanenepa. Kaniangalia usoni, kisha miguuni. Macho yakabaki huko chini.

"Lutfi, siku ile ya baba..."

Kaingia ndani. Karudi na buti, kaziweka kizingitini. "Vaa, kaka." Kaingia tena. Mlango hakuufunga.

Niko ngazini, naandika kwenye goti. Nimezivaa. Mungu wangu! Hakuna panapobana. Kesho msumeno ni wangu. Naweza kushuka sasa hivi, nikaenda zangu.

Ndani birika linachemka. Mishabaki inanivujia shira mapajani. Mazulia ya mkewe yanaanzia pale pale mlangoni — nikitaka kuingia, lazima nizivue.

Nimefungua kamba moja.