Zaituni, Daktari Mpya Ana Maswali Mengine

Mwanangu Zaituni,

Marahaba. Najibu kabisa, maana najua hata ukininunia huko Likawage kwa shangazi yako, shikamoo huninyimi. Nimekulea mimi.

Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi za Kiarabu za chuoni nilizokufunza wewe pia. Sikutaka karani ayajue ya nyumbani kwangu. Naandika, nasimama, nafagia palipokwisha kufagiwa, narudi.

Unakumbuka mtoto wako wa pili alipokufa, hajatimiza arobaini. Tulikaa matanga siku tatu kama dini ilivyotuagiza. Siku ya nne nikaukunja mkeka nawe bado umeukalia. "Inuka utwange. Siku zimekwisha." Ukaniuliza, "Zimekwisha kwa nani, mama?" Nikakuita mjuvi. Ile ni hesabu ya kukaa msibani, mimi nikaifanya hesabu ya moyo wako.

Miezi ikapita, hukuinuka. Chakula ulikigeuzageuza sahanini. Mwanao Salma akilia pembeni yako, unamtazama kama mtoto wa jirani. Nikakupeleka kwa fundi wa pepo. Ngoma ikapigwa mpaka ngozi ikalegea, yeye anangoja pepo ajitaje jina, aombe kanga nyekundu au halua. Hukutoa neno. Fundi akasema, "Huyu hana kitu. Pepo gani asiyetaka hata halua?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Kicheko kile nisamehe.

Tukaenda dispensari ya Kivinje. Dresa, yule mtibabu wa pale, akauliza: anavua nguo mbele za watu? Anapiga watu? Anasikia sauti za wasiokuwepo? Hapana, hapana, hapana. Nilijibu kwa maringo, kama mtihani nimefaulu mimi. Akauliza, "Amefiwa?" Nikasema ndiyo. "Basi ni majonzi tu. Huyu mzima, mpe kazi." Tangu siku ile ukawa kwangu mvivu mwenye cheti. Mumeo alipokurudisha, nikakusema asubuhi na jioni mpaka ukafunga furushi lako ukaondoka.

Sasa sikiliza. Juma lililopita nilimpeleka dispensari Salma uliyeniachia, macho yamemwiva. Nikamkuta daktari mgeni, Mhindi, hata ndevu hazijamkaa. Akauliza mama wa mtoto yuko wapi, nikamweleza. Akaanza: usingizi alikuwa akipata? Chakula kilikuwa na ladha kwake? Kulikuwa na jambo la kumfurahisha? Alijiona mzigo? Kila swali, ni wewe hasa.

"Bibi, binti yako ni mgonjwa."

"Dresa alisema mzima!"

"Dresa aliuliza maswali ya zamani. Sisi tumefunzwa mengine."

Nikamjia juu. "Kwa maswali yako hayo, nusu ya wanawake wa Kivinje wagonjwa! Na mwenye eda anayemlilia mumewe, utamtibu naye?"

Akaiweka kalamu juu ya karatasi yake ya maswali. "Hapo hata sisi wenyewe tunabishana, bibi. Mimi hutazama kama mtu anaibuka au anazidi kuzama."

Ulikuwa unazama, Zaituni. Jambo hilo nililiona kwa macho yangu, nikalinyamazia kwa kuwa hakuna aliyeniuliza.

Tangu hapo situlii. Wewe ni yuleyule, hukusogea hata hatua, lakini umetolewa kwenye uzima ukatiwa kwenye ugonjwa kwa karatasi ya mtu. Kesho akija mwingine na maswali yake, atakurudisha kwenye uvivu? Hasira hunipanda. Halafu nafurahi kuwa jambo lako lina jina. Halafu naona haya, maana kama ni ugonjwa, basi miaka yote hiyo nilikuwa namtukana mgonjwa.

Daktari yupo hapa mpaka mfungo uanze, kisha anahamia Lindi. Hakuahidi kukuponya. Alisema atakusikiliza, ajaribu atakaloweza. Nataka akuone kabla hajaondoka.

Barua hii naipa mchuuzi wa chumvi anayekuja huko leo. Jumatatu nami nafuata, kwa lori mpaka Nangurukuru, na kutoka hapo Mungu atanipa wa kunifikisha. Mwambie shangazi yako asihangaike na mapokezi, siji kukaribishwa. Nakuja kukuomba turudi pamoja. Kukuamuru sitakuamuru. Ukikataa, nikatalie usoni, kwa sauti, hata kwa matusi. Nitayapokea.

Ni mimi mama yako, mkali yuleyule, ila safari hii mkosaji.