Mikono Yake Imejaa

Majengo, Pumwani
17 Februari 2025

Kwa mwanangu Nuha,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Eldoret haijakuingia kifuani. Mimi afya ninayo, alhamdulillahi, ni magoti tu yanayolalamika. Eda ya baba yako nimeimaliza salama. Siku hiyo mama yako mdogo Nasima alikuja kutoka Komarock na sinia zima la biriani, akanishikilia nihamie kwake. Nimemwambia bado.

Utashangaa kuona karatasi badala ya simu. Simu imekwenda na mwizi. Usishtuke, sikuguswa. Nilikuwa msalani, nikarudi nikakuta simu haipo, redio haipo, hata pasi ya makaa imebebwa. Mlango haukuvunjwa. Ulikuwa wazi. Mutisya, yule jirani yetu anayeendesha basi la Eldoret, amenigombeza kama mtoto: "Mama Nuha, hii door ukiacha wazi, siku moja watabeba hadi wewe." Ndiye aliyejitolea kukuletea barua hii. Simu nyingine sitaki kwa sasa. Karatasi hainikatizi nikizungumza.

Sasa nikwambie kwa nini mlango ulikuwa wazi, maana wewe ndiwe unayesomea mambo ya akili za watu. Ninamsikia baba yako. Ikifika maghrib vinagongana vile vikombe vyake vya kahawa pale kwenye kona ya kichochoro, viwili vya haraka na kimoja kinachelewa, kwa sababu ya kile kidole chake kilichokakamaa. Majengo nzima hakuna muuza kahawa mwingine aliyegonga hivyo. Nami nainuka naondoa komeo, kama nilivyoliondoa miaka yote. Dele la kahawa liko mkono huu, vikombe viko mkono ule, mlango ataufunguaje mwenyewe? Nikishafungua siwezi kufunga tena. Naona kama ninamfungia nje.

Vitabu vyako vinasemaje?

Mama yako.


Eldoret
22 Februari 2025

Mama yangu mpenzi,

Waaleikum salaam, na shikamoo. Barua nimeipokea stendi mikononi mwa Mutisya. Mimi ni mzima na masomo yanakwenda. Kuhusu mwizi nimekasirika, lakini nimeogopa zaidi. Huyu alitaka simu tu. Wa pili anaweza kuja na kisu, akakukuta peke yako na mlango umemwachia wazi.

Umeuliza vitabu vinasemaje. Vinabishana. Kuna wataalamu wanaoanzia mwilini, kwenye masikio na ubongo. Kuna wanaoanzia kwenye majonzi ambayo mtu ameyasukuma ndani. Kuna wengine wasiojali kilicho ndani, wao hutazama tu kile mtu anachofanya. Mimi nimefika sura ya sita na wote naona wanasema kweli. Mwalimu wetu, Dakta Mbuthia, anasema huo ndio ugonjwa wa mwaka wa kwanza.

Yeye hutufundisha kwamba kabla ya kulieleza jambo, hakikisha kwanza lipo. Kwa hiyo nakuomba uende ukapimwe masikio. Pia umwalike Bi. Waridi wa mlango wa pili akae nawe maghrib, ila usimwambie unatazamia nini, kwa kuwa mtu akishaambiwa atasikia nini, atakisikia. Halafu uangalie kama kuna mtu aliyechukua kona ya marehemu.

Na ufunge mlango, tafadhali.

Mwanao, Nuha.


Majengo, Pumwani
5 Machi 2025

Kwa Nuha wangu,

Assalaam aleikum, na Ramadhani njema. Sisi tumefunga salama, joto tu ndilo linalotutesa. Nimekutumia tende na mahamri, ugawane na yule Hibaq mnayekaa naye chumba kimoja.

Masikio nimepimwa. Daktari ametoa nta, akasema ninasikia kumshinda yeye.

Waridi alikuja tukafuturu pamoja. Sikumwambia kitu, kama ulivyoniagiza. Vikombe vilipogonga nilimtazama usoni, naye anatafuna tende, hakugeuka. Nilipoinuka kwenda mlangoni akaniuliza, "Nani huyo?" Nikamuuliza, kwani amesikia mtu? Akasema hapana, ameuliza tu kwa kuwa nimeinuka. Lakini tangu siku hiyo Waridi futari yangu huileta alasiri, jua bado likiwa kali, na hakai. Hilo utalieleza vipi, sijui.

Kona ya baba yako ameishika kijana mmoja, Imran, mpole sana. Yeye hupita baada ya isha na anauza kwa vikombe vya karatasi. Havina sauti. Vya baba yako viko kabatini, nimevifunga kwa kanga yangu ya zamani. Nimevifungua nikavikagua. Vimekauka, vina vumbi.

Mlango jana ulilala wazi tena. Nilijaribu, Nuha. Nilifika nao nusu.

Mama yako.


Eldoret
10 Machi 2025

Mama yangu,

Shikamoo, na Ramadhani iwe ya kheri kwako. Hibaq ameyamaliza mahamri na anakuombea dua.

Nafikiri nimepata. Zamani kulikuwa na mtaalamu mmoja wa Urusi aliyekuwa akiwapigia mbwa mlio fulani kabla ya kuwapa chakula. Baada ya muda, mbwa wakawa wakisikia mlio tu wanadondokwa na mate, chakula hakipo. Wamejengewa zoea. Mama, wewe umesikia vikombe na kufungua mlango tangu kabla sijazaliwa. Mlio ni kichocheo, kufungua ni itikio. Aliyekuwa akija baada ya mlio hayupo tena, ila zoea halijapata habari.

Dawa yake ni nyepesi, japo inauma. Mlio ukija, usiinuke. Kaa. Kesho hivyo hivyo. Zoea lisilolishwa hufifia, mwisho huzimika, na ninaamini sauti yenyewe itafuata.

Naomba pia ruhusa yako niiandike habari hii iwe kazi yangu ya muhula. Ni uchunguzi wa mtu mmoja. Jina lako sitalitaja, utaitwa Bi. M. Karatasi ya ridhaa nimeitia humu. Inasema unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu.

Mwanao, Nuha.


Majengo, Pumwani
18 Machi 2025

Kwa Nuha,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima.

Barua yako niliisoma, nikaenda nikatawadha, nikaisoma tena, nikakuta bado mna mbwa. Nimekuzaa, nimekulea, leo katika mwezi mtukufu unanilinganisha na mbwa anayedondokwa na mate. Nimecheka, lakini baadaye sana. Baba yako angecheka papo hapo, na angewasimulia wateja wake wote mpaka Gikomba.

Karatasi nimeitia sahihi kwa jina langu kamili. Huyo Bi. M simjui. Nimekubali kwa sababu nilisikia hofu yako kwenye ile barua ya kisu, na sitaki usome huku unaniwazia. Nakuahidi kukaa, na nitakaa.

Jana ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Niliikalia mikono yangu ili isinitoroke. Vikombe vikagonga kwenye kona, vikaja, vikasimama hapo nje. Kisha vikagonga tena polepole, kama alivyokuwa akigonga nikichelewa jikoni. Hakuwa mtu wa kubisha mlango wala kuita, wewe unamjua. Alikuwa akingoja. Basi nami nikangoja, yeye kule, mimi huku, tende imenikaa mdomoni haimezeki, mpaka adhana ya isha.

Asubuhi nilifungua nikatazama kizingitini. Hapakuwa na kitu. Sijui nilitarajia nini.

Mama yako.


Komarock
27 Aprili 2025

Kwa mwanangu Nuha,

Assalaam aleikum. Nasima anakusalimu sana. Umeona anwani. Baada ya Idd nilifunga mizigo nikahamia kwake, na vikombe nimekuja navyo. Hapa kuna geti, na kuna mlinzi, Kyalo, kijana wa Machakos anayelinda huku amesinzia. Ninalala usiku kucha na nimenenepa.

Dawa yako imefanya kazi. Kwanza aliacha kufika mlangoni, akawa anaishia kwenye kona. Halafu akawa anaishia mbali, kule upande wa msikiti, hata nikawa natega sikio nimpate. Halafu siku moja maghrib iliingia na kutoka, sikusikia kitu ila televisheni ya Waridi. Nikajua basi. Nilifunga mlango bila shida, nikakaa kitandani nikalia kuliko nilivyolia siku ya maiti.

Umeshinda, na ninakushukuru, maana mlango ule ungeniua. Ila kwenye kazi yako uliandike na hili. Mara ya kwanza Mungu ndiye aliyemchukua. Mara ya pili nimemwondoa mimi, kila jioni kidogo kidogo, kwa kukaa tu.

Na jambo jingine. Barua zako nimezirudia zote. Umemwita marehemu, umemwita sauti, umemwita kichocheo. Baba hujamwita hata mara moja. Siku ya mazishi ulihesabu viti na kuwapa watu maji, na hukulia. Nilidhani utalia chuoni. Umelia?

Mama yako.


Eldoret
4 Mei 2025

Mama yangu,

Shikamoo, wewe na Mama mdogo. Nimefurahi sana kwamba unalala. Dakta Mbuthia ameisoma rasimu yangu darasani, akasema ndio uchunguzi bora wa mwaka huu. Nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Lakini nakuandikia kwa sababu nyingine. Nilipokupa ushauri nilikuwa nimesoma mpaka mwisho wa sura ya sita. Sasa nimeingia ya saba, na ukurasa wake wa kwanza unasema kwamba zoea lililofifia halijafutika. Linapumzika. Likishapumzika, siku moja hurejea lenyewe, hakuna aliyeliita. Linaporejea huwa hafifu kuliko zamani. Ukikaa bila kuinuka huondoka tena, na safari hiyo haraka zaidi.

Nimeona una haki ya kujua, usije ukashtuka. Likirejea, usiogope. Fanya kama ulivyofanya Majengo.

Kuhusu lile uliloniuliza mwishoni, tuna mitihani. Nitalijibu.

Mwanao, Nuha.


Komarock
8 Juni 2025

Kwa Nuha,

Assalaam aleikum. Natumai mitihani ilikwenda vizuri. Nimekungojea unijibu na umekaa kimya, lakini sikuandikii kwa ajili ya hilo.

Amekuja.

Jana ilikuwa Idd ya kuchinja. Nasima na watu wake walikuwa nyuma wanagawa nyama, mimi nimekaa sebuleni peke yangu, maghrib imeingia. Nikavisikia getini, viwili vya haraka, kimoja kinachelewa. Hapa hajawahi kufika hata siku moja, Nuha. Kila Nasima akitualika alisema Komarock ni mbali, kahawa itapoa.

Kitabu chako kimesema kweli. Ilikuwa hafifu. Mlio wa kwanza niliusikia, wa mwisho niliukisia. Lakini nikawaza, mtu akitoka Pumwani kwa miguu, ashike Barabara ya Kangundo mpaka huku, dele mkononi, aulize nyumba mpaka aipate, atakuwa na nguvu gani ya kugonga? Kitabu kinaita hafifu. Mimi nilisikia mtu aliyechoka.

Nilikuahidi kukaa, nikakaa. Niliishika meza. Aligonga mara ya pili kama kawaida yake, akangoja. Mara ya tatu hakugonga. Nilipokwenda nje nilimkuta Kyalo macho makavu, hajasinzia. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyepita. Akasema, "Hakuna mtu, mama. Lakini hapa kumenukia kahawa, si ni nyinyi mnapika?"

Sisi hatupiki kahawa. Tangu afe hatujapika.

Nimefanya kama ulivyosema. Niambie nimefanya vyema.

Mama yako.


Eldoret
10 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Barua yako Mutisya ameniletea mpaka mlango wa hosteli, naye ananingoja nje nimpe jibu. Ningeweza kumpigia Mama mdogo, lakini hili sitaki lipitie kinywani mwa mtu mwingine.

Uliniuliza kama nimelia. Wiki iliyopita Hibaq alikuwa anaosha vyombo kwenye beseni, vikombe viwili vya bati vikagongana mkononi mwake, cha tatu kikafuata. Nilikuwa kitandani na kitabu kifuani. Sikumbuki kuinuka. Nilijikuta nimefungua mlango na nimesimama kwenye korido, nimeubana kando kwa mgongo ili apite na dele lake bila kumwaga, kama nilivyokuwa nikifanya nilipokuwa mdogo. Hibaq akaniuliza, "Nuha, unamfungulia nani?" Nilijibu kwa neno moja, na baada ya neno hilo nililia mpaka akaenda kuwaita wenzetu. Sikukuandikia kwa sababu niliona haya. Nilikupa dawa ambayo mimi mwenyewe sijaweza kuinywa.

Kwenye ile karatasi uliyotia sahihi imeandikwa kwamba mshiriki anaweza kujitoa bila kutoa sababu. Kuhusu mtafiti haikuandikwa kitu. Asubuhi nimekwenda kwa Dakta Mbuthia nikamwomba anirudishie kazi yangu, nimejitoa. Aliniuliza sababu, nikamwambia sura ya saba.

Sijui ni nini unachokisikia. Huenda ni zoea, huenda ni majonzi, huenda ni yeye. Najua tu kwamba hapo kuna geti na kuna mlinzi, na mlango ukiwa wazi kidogo maghrib hakuna atakayekudhuru. Vitoe vile vikombe kwenye kanga uvioshe. Akija, usikae.

Mikono yake imejaa, Mama. Mfungulie Baba.

Mwanao, Nuha.