Bima ya Athumani

Mke mwenzangu Mwanaidi,

Shikamoo yako imenifikia hapa Mabawa, marahaba. Mama yako mzima, na shangazi yako Zuhura kajifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kama kijana anayekupelekea vyakula kwa wateja huko Dodoma anahitaji bima nyingine, maana pikipiki yake ina bima tayari. Ujanani, nilipokuwa na mgahawa, nami niliona Athumani, kijana aliyenipelekea vyakula kwa pikipiki yake, ana bima, nikaridhika.

Siku moja akipeleka pilau, gari lilimchomekea akaanguka. Nilimkuta kakaa chini, mguu umevunjika. Akaniambia, "Dada, nisamehe, pilau imemwagika."

Karani wa bima alitueleza kwa upole kwamba ile ilikuwa ya safari zake binafsi, si ya biashara, na mguu wake haumo.

"Nani alimtuma?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

Nilimuuguza mpaka akatembea. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma. Alipotaka kurudi kazini, nilikwenda naye kwanza kwa watu wa bima, nikawaeleza kwamba anabeba chakula changu, kwa kazi yangu. Wakamwandikia bima ya kazi hiyo, na ya mwili wake pia. Tulipotoka alisimama kidogo mlangoni.

"Dada," akasema, "sijawahi kuulizwa nikiumia itakuwaje."

Basi usiende peke yako, mwanangu. Nenda naye, asikie mwenyewe ukilitaja jina lake.

Bibi yako akupendaye,
Mwanahamisi