Kopo Anataka Kujibu Mwenyewe

Mpendwa Mama mshauri, naomba msaada, na ukitaka kucheka ucheke kwanza umalize ndiyo unijibu, kwa sababu jambo lenyewe linamhusu roboti ambaye hayupo, lakini mimi nipo na ndiye ninayeumia.

Mimi ni kijana, napiga pasi kwenye duka la dobi la mjomba wangu, kaka yake mama, shule niliiacha mapema na kuongea mbele za watu siwezi, hata mteja akiniuliza nguo zake ziko tayari mimi huwa nazinyooshea kidole tu. Jumapili mchana tukishafunga duka tunacheza mchezo mmoja juu ya ile meza ya kupigia pasi, maana ni pana na ina blanketi, dadu zikianguka hazipigi kelele. Ni mchezo wa kuigiza kwa mdomo, kila mtu anajitungia mtu wake, anasema mtu wangu anafanya hivi, anarusha dadu, namba ikiwa kubwa amefaulu, ikiwa ndogo yamemkuta. Mjomba yeye hana mtu, yeye ndiye msimulizi, ndiye milango na mvua na maadui na kila kitu kingine, na pale pasi ilipounguza blanketi tunapaita ziwa. Wachezaji tuko watatu. Kuna Fundi, anatengeneza mafriji, kwenye mchezo yeye ni kapteni. Kuna dada mshonaji wa chumba cha pili, mtu mpole kabisa, ila kwenye mchezo ni mwizi wa vito na ameshachoma watu visu mpaka mjomba akamwomba apunguze. Na mimi ni roboti. Jina lake Kopo, kwa sababu siku ya kujitungia watu, mjomba aliponiuliza jina, nilikuwa naangalia lile kopo la kunyunyizia nguo maji, lile tulilolitoboa matundu kwenye kifuniko.

Sasa kosa liliingia siku hiyo hiyo. Meza yetu ina sheria, mjomba aliiweka ili mchezo usilale, kwamba ukiulizwa swali ukakaa kimya, wa kulia kwako anakujibia na jibu linahesabika. Mjomba akauliza, haya, udhaifu wa mtu wako ni nini. Dada mshonaji akasema mwizi wake anaogopa kuku. Mimi wa kwangu nilikuwa nao, kwamba Kopo akinyeshewa anashikwa na kwikwi, lakini nilikuwa bado naupanga mdomoni, na wa kulia kwangu ni Fundi, akasema, "Huyu anatii kila anachoambiwa na kapteni." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, Mama mshauri, hapo ndipo ninapojichukia, na mimi nikacheka.

Tangu hapo Kopo hana maisha. Kukiwa na shimo, "Kopo, ingia uone kina chake." Kukiwa na mlango wa moto, "Kopo, egemea." Siku moja kapteni alichoka akaniambia Kopo ajikunje awe kiti, na mchana mzima ule nilikuwa kiti, wenzangu wanapigana na majoka mimi nimekaliwa. Nilikuwa naona kila kitu, niliona kabisa kwamba mjomba ameweka mlango wa siri nyuma ya ziwa kwa sababu alikuwa anapaangalia kila mara, lakini kiti hakiongei.

Hayo yote nilivumilia. Kilichonivunja ni Jumapili iliyopita. Tulifika kwa Mfalme wa Sumaku, ambaye anavuta mashine zote za dunia zimtumikie yeye, na mjomba alikuwa ameshanidokeza mapema kwamba Kopo ataulizwa swali zito, kwa hiyo jibu nililiandaa, wiki nzima nilikuwa nalisemea mashati, shati linakusikiliza vizuri na halikukatizi. Basi mjomba akabadilisha sauti, akainama, akaniangalia mimi, hakuwaangalia wengine, akasema, "Kopo, hawa wanakuona wewe ni chombo chao. Niambie mwenyewe, unataka kubaki nao au unataka kwenda zako?"

Nikafungua mdomo. Nakuapia niliufungua. Fundi akasema, "Kopo, sema unabaki."

Mjomba akasema, "Haya, Kopo anabaki," akasonga mbele.

Dada mshonaji akasema, "Jamani, si mngemwacha aseme mwenyewe."

"Ameshasema, wewe hukusikia?" Fundi akamwambia.

"Nimekusikia wewe."

"Sasa si ni jambo lile lile?"

Na kweli, Mama mshauri, ni lile lile, ndiyo maana nashindwa kulala, jibu langu lilikuwa hilo hilo, kwamba Kopo anabaki. Kopo anawapenda, pamoja na kukaliwa. Nilitaka aseme nabaki kwa sababu nataka, sasa nani atajua kama alitaka? Nilirudi nyuma ya pazia la nguo nikasimama pale kama nimefuata kitu.

Halafu mjomba akafunga mchezo kwa kusema Mfalme amekasirika, na Jumapili ijayo ataingiza mkono kwenye kichwa cha Kopo kuivuta akili yake itoke, na ikitoka, kapteni anaruhusiwa kumfungia nyingine. Fundi alifurahi sana. Akasema, "Afadhali, tutamfungia iliyotulia, hii ya sasa ina mawazo." Yeye ndiye aliyesema ina mawazo, mimi sikuwahi kumwambia.

Mambo haya sasa yananifuata mpaka nje. Juzi nilikuwa navuka barabara nimebeba mashuka ya wateja, nikasikia nyuma, "Kopo, simama," nikasimama, katikati ya barabara, pikipiki ikapiga honi mpaka shuka la juu likaanguka. Kumbe ni Fundi, alikuwa anataka kuniulizia shati lake. Na kuhusu mashati yake nikwambie ukweli wote, nimekuwa nikimtia wanga kwenye kola kuzidi wateja wengine, mpaka kola inasimama yenyewe, na nimemsikia akimwambia mjomba siku hizi shingo inamsumbua kugeuka, anapaka dawa.

Sasa sijui nifanye nini. Niache mchezo, na Jumapili ndiyo siku pekee ambayo mtu ananiuliza nataka nini? Au nimwache Kopo anyang'anywe akili tumalizane? Au nimwambie mjomba, na mjomba ndiye bosi wangu na ndiye ninayelala kwake, nitaanzaje kumwambia mtu mzima kwamba roboti wangu ameonewa? Jumapili inakuja.

Ni mimi mpiga pasi. Kopo ni wa Jumapili tu.

*

Mpiga pasi, mwanangu,

Nimecheka kwanza kama ulivyoniruhusu, na nimemaliza. Sasa kaa chini unisikilize. Samahani, usikae. Kaa ukitaka.

Nianze na kola. Acha leo. Mtu anapaka dawa shingoni kwa sababu wewe umeshindwa kumwambia neno moja, na hiyo dawa haijui kwamba ugonjwa ni wanga. Shati linalofuata lipige pasi kama la mteja mwingine yeyote, na ukilimaliza usiliambie kitu. Mashati umeyaambia ya kutosha, na hakuna hata moja lililokwenda kumweleza Fundi.

Pale uliposema jibu lako lilikuwa lile lile, hapo na mimi niliiweka barua chini kidogo. Umeonewa kweli, usimruhusu mtu akwambie ni mchezo tu. Mtu akinichagulia nguo ile ile ambayo ningeichagua mwenyewe, bado siku hiyo nimevalishwa. Nakuelewa kabisa.

Lakini na wewe una mambo. Umeona mlango wa siri kwa kufuata macho ya mjomba wako, umeona shingo ya Fundi, umeona Fundi alivyofurahi, huna kinachokupita, halafu vyote hivyo umekuja kuniambia mimi ambaye sichezi. Dada mshonaji alikutetea mezani waziwazi, je, ulimwambia hata asante? Kwenye barua yako sijaiona. Yule ni mtu wako, na umemwacha anabishana peke yake kwa ajili yako huku wewe uko nyuma ya pazia unatafuta kitu ambacho hakipo. Kesho pita chumbani kwake umshukuru. Ukishindwa kuongea, nyoosha kidole, atakuelewa, ila jaribu kuongea.

Na huyo Fundi usimfanye shetani. Wiki nzima anashinda na mafriji yanayokataa kuwaka, Jumapili amepata mashine ya kwanza inayomsikiliza, unadhani ataiachia kwa hiari? Alitania, ukacheka, akajua umekubali. Mpaka leo anaamini mnafurahi wote wawili.

Mfalme wa Sumaku naye mwache aje na mkono wake. Umechanganya vitu viwili, mwanangu. Mfalme ni hatari ya mchezo, na mchezo usio na hatari unakuwa kikao cha wapangaji. Akitaka akili ya Kopo, vizuri sana, hiyo ndiyo siku ya Kopo kupigana, kurusha dadu, kupiga kelele, hata kushindwa. Ila kapteni anapokujibia wewe kabla hujatoa neno, hapo hakuna hatari yoyote, hapo umenyang'anywa zamu. Ya kwanza mshukuru mjomba wako kwa kukutungia. Ya pili mwambie akome kuiruhusu.

Utamwambiaje? Usimwambie mezani, na usimwambie wakati anakula. Kwa dobi shuka kubwa linakunjwa na watu wawili. Subiri mkiwa mmelishika, yeye huku wewe kule, limetandazwa katikati yenu. Hawezi kuondoka, maana litaburuta chini, na wewe huna haja ya kumwangalia usoni. Hapo mwambie, "Mjomba, Jumapili nataka Kopo ajibu mwenyewe." Basi. Usiongeze kwamba labda ni mimi tu, usiongeze kwamba si neno. Likunjwe shuka, mkutane katikati, umpe ncha zake, unyamaze. Mtu aliyeinama akakuangalia wewe peke yako alitaka kukusikia, mwanangu, na sheria aliyoiweka mwenyewe ndiyo iliyomziba masikio.

Akikuuliza unataka iwe vipi, usije ukakaa kimya, maana wa kulia kwako anaweza kuwa popote. Mwambie udhaifu wa Kopo ubaki, usimwombe aufute, Fundi ataona amevuliwa cheo mbele za watu. Ila amri ya kapteni imsukume Kopo, isimbebe. Kopo akitii, sawa, apate kitu kwa utii wake. Akikataa, arushe dadu, na namba ikiwa ndogo atoe cheche, aumwe kichwa, ashikwe na hizo kwikwi zako ambazo hawakukuacha uzitaje. Kukataa kuwe na bei, lakini kupatikane dukani. Na kuhusu kumfungia akili mpya, hilo lisifanyike bila wewe kuulizwa na kujibu kwa sauti, hata Mfalme akishinda. Akishinda, wewe ndiye useme Kopo amepoteza nini. Labda amesahau njia, labda amesahau jina la kapteni. Hilo la mwisho nalipenda mimi, lakini ni lako.

Na barabarani, akikuita Kopo, endelea kutembea. Kopo umesema ni wa Jumapili. Akikuita vizuri, geuka. Mashuka ya watu umeyabeba, na pikipiki hazichezi huo mchezo wenu.

Sasa imebaki ile sheria ya kimya, na hapa najua utaniambia, Mama, mdomo wangu ni mzito, hata nikipewa ruhusa nitachelewa. Chelewa. Hujakosea kuchelewa, umekosea kuondoka. Jumapili nenda na lile kopo la matundu, ulisimamishe mbele yako juu ya blanketi, pembeni ya ziwa. Mkubaliane na mjomba kabla ya dadu ya kwanza kwamba kopo likiwa limesimama, Kopo bado anafikiri, na hakuna wa kulia wala wa kushoto anayemjibia, hata kama jua linakwenda kuzama. Ukimaliza kusema, ndipo unaliondoa. Ulisema jibu lako lilikuwa kubaki. Kama bado ni hilo, liseme lote, na ile sababu ambayo Fundi hakuijua.

Na akikujibia tena huku kopo limesimama, usikasirike wala usikimbilie nyuma ya pazia. Hilo kopo lina matundu, mwanangu, na nadhani halitakosa maji, na yeye ameketi kulia kwako kabisa.