Kisanduku Cheusi Kwenye Tangi la Mzee Karim

Jumanne

Na kinavyofanya kazi vizuri, ndiyo maana kinaniudhi zaidi. Kile kisanduku cheusi nilikigandisha kwenye kona ya tangi la samaki la Mzee Karim, huku mtaa wa Ng'ambo, kipokee maji yanayozidi yasimwagike sakafuni. Siku nilipomaliza, nikiwa nimesimama mlangoni, nilikiona kimetulia, hata nikajisifu.

Leo nimepita kukagua. Mzee ni wa kitandani tangu alipopooza, na tangi mkewe alilitaka kwa ajili yake. Nikampa shikamoo, nikamuuliza kama samaki wanampendeza. Akaitikia tu.

"Fundi, hebu chutama hapa kando ya kitanda chake," mkewe akaniambia.

Nikachutama. Kutoka pale samaki huwaoni. Unaona kisanduku tu, na kimeziba mwanga wote wa dirisha.

"Alinikataza nisikwambie. Anasema umehangaika sana."

Nimeona haya. Nilipima tangi kila upande, kitanda sikukiangalia.

Kesho nakitoa. Nitatengeneza kingine chembamba cha kioo kinachopitisha mwanga, kikae juu kabisa kwenye kioo cha nyuma cha tangi, bomba lishukie nje. Naogopa gundi ya silikoni. Kwenye kioo kama hicho kila doa linaonekana.

Nilipokuwa naaga Mzee akaniita, maneno yakimtoka kwa shida.

"Yule samaki mwekundu," akauliza, "bado yupo?"