Dawa Nyuma ya Tangi

Jumatatu, 9 Juni

Leo Gredi ya Sita tumefanya mnyororo wa chakula. Nikachora jua, sukuma wiki, panzi, kuku, mtu. Phares, mtoto wa jirani yangu, akauliza mbona mshale unatoka kwa panzi kwenda kwa kuku, na kuku ndiye anamkimbiza panzi. Nikamwambia mshale hauonyeshi nani anakimbiza nani. Unaonyesha nguvu inakoenda. Anayeliwa anamwachia mlaji alichokuwa nacho mwilini. Akaitikia kwa kichwa kama mzee wa kanisa. Nilijisikia mwalimu kweli!

Jumatano, 11 Juni

Panya wamekula unga tena. Wametoboa hata mkoba wangu wa kanisani. Na si mimi niliyesimama kwa mkutano wa wapangaji wa ploti mwezi jana nikasema panya wanaletwa na kuku wa Mama Phares, kwangu hakuna hata mmoja, kwangu ni safi? Mdomo wangu huu!

Hapa ploti tumekubaliana: ukitaka kuweka dawa ya panya, unabisha kwa Mama Phares kwanza, anafungia kuku wake. Nibishe niseme nini — kwamba wako kwangu? Nimenunua kwa yule anayepita na kipaza sauti. Nimechanganya na omena, vidagaa vile vikavu, nikaweka nyuma ya tangi la maji, nikafunika na debe lenye tundu dogo kuku wasifikie. Nani atajua.

Ijumaa, 13 Juni

Dawa imefanya kazi. Asubuhi nimetoa mmoja chini ya kitanda, nimemfunga kwa gazeti, nikampeleka jaani mbiombio kama mwizi.

Wa pili sikumwahi. Kuku mwekundu wa Mama Phares alikuwa naye nyuma ya tangi, ameshampasua tumbo, anadonoa. Nikamfukuza. Nikazoa mabaki. Nikaenda shule.

Omena niliificha kuku asiile. Panya aliyeila sikumfikiria! Na nimefundisha kitu hicho hicho Jumatatu, chaki mkononi. Mjinga wewe, Wanja.

Jumamosi, 14 Juni

Kuku mwekundu anayumba. Mama Phares amempakata, anampa maji kwa kijiko. Ameniuliza mimi ni ugonjwa gani, kwa vile nimesoma sayansi. Nimesema labda ni baridi.

Labda ni baridi! Naona haya hata kuandika.

Jumapili, 15 Juni

Nimetoka kanisani nikampata Mama Phares na kisu, karai na maji moto. Kuku ameshachinjwa. Amesema heri achinjwe angali na damu kuliko afe bure, na watoto hawajaonja nyama tangu Pasaka.

Nafasi nilikuwa nayo. Alikuwa peke yake, ananyonyoa manyoya. Nikamwita. Akainua uso, akaningoja. Nikamwomba kiberiti. Kiberiti, na kwangu viko tele! Akafuta mikono kwa leso, akaingia ndani kunitafutia.

Sasa niko kitandani naandika badala ya kuvuka hapo nje. Nikisema, ploti nzima itajua kwamba mwalimu ana panya, aliweka dawa kimyakimya, na jana akadanganya. Wataniangalia vipi kwa bomba? Nisiposema — Phares. Na dada yake Anyango, bado mdogo vile. Mimi ni mtu gani, hata nikae hapa nipime hayo mawili? Sijui dawa ile inabaki kwa nyama kiasi gani. Labda moto unaimaliza. Nani kaniambia moto unaimaliza? Hakuna. Najiambia mwenyewe.

Kitunguu kinanukia mpaka huku.

Hodi. Ni yeye.

Ameniletea bakuli, limefunikwa kwa sahani. Paja zima. Watoto wake bado hawajapakuliwa. Alisimama mlangoni akisema wanalisubiri hilo paja lakini amekataa, mwalimu kwanza.

"Umenisaidia sana na huyu kijana," akasema. "Kula ingali moto."

Nimesema asante. Basi! Nimepokea kwa mikono miwili nikasema asante, nikafunga mlango.

Bakuli liko hapa mezani, mchuzi unatoa mvuke. Kule kwake nasikia maji yakimwagwa kwenye beseni, na Anyango anacheka. Wananawa mikono. Wanja, inuka.